Sura ya 5: Mbona Klachi Imerudia Tena?

Swali hili husikika karibu kila kijiwe cha bodaboda, kuanzia Buguruni hadi Kisumu: "Fundi, nimeweka klachi pleti mpya mwezi uliopita. Mbona pikipiki inanguruma tu, haiendi?" Fundi anatazama, anatikisa kichwa, anasema zile pleti zilikuwa feki. Mteja anatoa hela, anawekewa nyingine, na wiki chache baadaye anarudi na swali lile lile.

Feki zipo, nami nitazigusa mbele. Lakini mara nyingi jibu haliko dukani. Klachi pleti ndizo za mwisho kuumia katika mlolongo mrefu. Kabla yake upo waya, ipo oili, na upo mkono wa dereva mwenyewe. Ukibadilisha pleti na kukiacha kilichozila, hicho hicho kitazila na hizo mpya.

Kwa hiyo sura hii inafuata njia ya fundi makini: kutoka nje kwenda ndani, na kutoka kwenye ukaguzi wa bure kwenda kwenye kazi ya gharama. Wengi wenu mtaishia njiani, kabla hata ya kufungua nati moja ya injini, na hilo ndilo ninalolitaka.

## Klachi inafanya nini hasa

Injini ikishawaka huzunguka bila kupumzika, lakini gurudumu la nyuma kuna wakati lazima lisimame. Klachi ndiyo inayounganisha injini na giaboksi, na ndiyo inayozitenganisha.

Kutanisha viganja vyako viwili, uvibane kwa nguvu, kisha zungusha kimoja: cha pili kinafuata. Vilegeze kidogo, kimoja kinateleza juu ya kingine. Endelea kuvisugua vikiwa vimebanwa nusu nusu, utasikia joto. Joto hilo ndilo linaloua klachi.

Ndani ya Boxer, TVS na zile pikipiki nyingi za Kichina zilizoiga injini ya Honda CG125 ya miaka ya 1970, viganja hivyo ni pleti za aina mbili zilizopangwa kwa kupishana. Za kwanza ni pleti za msuguano, zenye utando mgumu uliogandishwa juu ya bati. Zina masikio pembeni yanayoingia kwenye mianya ya ngoma ya nje, na ngoma hiyo huzungushwa na injini. Za pili ni pleti za chuma tupu, zenye meno kwa ndani yanayoshika kitovu, yaani kile kipande cha katikati kilichokaa kwenye shafti ya giaboksi. Springi, kwa kawaida 4 hadi 6, hulibana rundo lote kupitia bamba liitwalo presha pleti.

Ukiuvuta mkono wa klachi, waya unazishinda nguvu zile springi, na pleti zinaachana. Ukiuachia, springi zinabana tena. Haya yote hutokea ndani ya oili ile ile inayolainisha injini. Shika hilo la oili, maana lina kesi yake peke yake.

Kwa ufupi: chochote kinachozizuia springi zisibane hadi mwisho ni ugonjwa wa kwanza. Chochote kinachozizuia pleti zisiachane hadi mwisho ni ugonjwa wa pili.

## Haishiki, au haiachii?

Watu husema "klachi imekufa" kwa magonjwa haya yote mawili, ilhali tiba zake zinapingana. Lazima ujue pikipiki inaumwa upi kabla ya kushika spana.

Klachi isiyoshika hujitangaza mlimani. Una abiria na gunia, uko gia ya tatu, unaongeza mafuta, sauti ya injini inapanda lakini mwendo haupandi. Ikizidi, utasikia harufu kali ya kuungua kutoka upande wa kulia wa injini, na hata barabara tambarare itakushinda.

Kipimo chake ni rahisi. Kwenye uwanja ulio wazi, injini ikiwa imewaka, shika breki ya mbele barabara, ingiza gia ya juu kabisa, kisha achia klachi taratibu huku ukiongeza mafuta kidogo. Klachi nzima itaizima injini hapo hapo. Injini ikiendelea kunguruma huku pikipiki imesimama, klachi inateleza. Fanya mara moja tu, maana kila sekunde ya kipimo hiki inaziunguza pleti.

Klachi isiyoachia hujitangaza kwenye foleni. Umevuta mkono wa klachi mpaka mwisho, bado pikipiki inajisukuma mbele. Gia zinaingia kwa kishindo, na ukisimama kwenye taa huipati frii hata uikanyage vipi, lakini ukizima injini frii inaingia bila shida. Hiyo ya mwisho ndiyo dalili ninayoiamini kuliko zote.

Kwa ugonjwa huu wa pili, simamisha pikipiki kwa stendi ya katikati, washa, ingiza gia ya kwanza klachi ikiwa imevutwa. Gurudumu la nyuma kuzunguka polepole si tatizo, kwa sababu oili iliyo kati ya pleti huvuta kidogo. Gusa breki ya nyuma: gurudumu lisimame na injini iendelee kuwaka. Injini ikitaka kuzimika, klachi haiachii. Ila usiihukumu pikipiki asubuhi na mapema. Kwenye baridi ya Makete au Limuru, pleti zilizolala usiku kucha hugandana kwa oili nzito. Vuta na kuachia mkono wa klachi mara kadhaa, iache injini ipate joto, ndipo upime.

Yapo pia magonjwa yanayojifanya klachi, na hapa ndipo hela nyingi hupotelea:

- Pikipiki haina nguvu, na sauti ya injini nayo haipandi. Hilo si la klachi. Tafuta kwenye kabureta, kichujio cha hewa, ringi za pistoni, au breki iliyonata.
- Inaruka na kugonga "ka-ka-ka" ukiongeza mafuta. Tazama cheni na meno ya spoketi kwanza.
- Inagonga ikiwa frii, na kelele inakatika ukivuta klachi. Pleti huenda ni nzima. Ngoma ya nje au kitovu ndicho kilicholegea. Kelele ikitokea pale tu unapovuta klachi, beringi ndogo inayosukuma presha pleti ndiyo mtuhumiwa.

Dereva anayejua kutofautisha "sauti inapanda, mwendo haupandi" na "vyote viwili havipandi" amejiokoa na nusu ya matengenezo ya bure yanayofanyika mitaani.

## Anza na waya

Shika ncha ya mkono wa klachi, uivute kwa kidole kimoja. Kuna mwendo mdogo ambao mkono unasogea bila kuvuta kitu. Mafundi huuita plei. Kwa pikipiki nyingi ndogo za Honda na za aina yake, plei huwa kati ya milimita 10 na 20 ukipima kwenye ncha ya mkono. Watengenezaji wengine hupima kwenye shina, na huko huwa milimita 2 hadi 3. Kitabu cha pikipiki yako ndicho chenye neno la mwisho.

Plei ikikosekana kabisa, waya huwa umevuta kidogo muda wote hata mkono ukiachiwa, na springi hazibani hadi mwisho. Klachi inateleza na pleti ni mpya. Plei ikizidi, hata ukivuta mkono hadi kwenye usukani waya haufikishi safari yake, na klachi haiachii. Magonjwa yote mawili, chanzo kimoja, na tiba yake ni kuzungusha skrubu ya kurekebishia.

Kuna jambo ambalo hata mafundi wazoefu hulisahau. Waya ukikaa muda mrefu hurefuka, na plei huongezeka. Lakini pleti zikilika, presha pleti husogea kuzifuata, na plei hupungua. Ndiyo sababu pikipiki inaweza kurekebishwa vizuri leo, ikatembea miezi, na siku moja ikaanza kuteleza bila mtu kuigusa. Dereva aliyezoea kukaza waya kila akihisi shida, siku hiyo ataukaza tena na kuimaliza klachi kwa mkono wake. Ikianza kuteleza, jambo la kwanza kulifikiria ni kulegeza waya.

Naliona kosa hili sana kwa wateja wanaotaka klachi "ikamate juu", yaani pikipiki iondoke pale mkono unapokaribia kuachiwa wote. Fundi anawaridhisha kwa kuimaliza plei yote. Kwa wiki moja wanafurahi. Usikubali kufanyiwa hivyo.

Ukimaliza plei, kagua waya wenyewe. Funua kichwa chake pale unapoingia kwenye mkono wa klachi: nyuzi hata chache zikiwa zimekatika, nunua waya mpya leo, kwa sababu zilizobaki zitakatikia mbali na nyumbani. Zungusha usukani kushoto hadi mwisho, kisha kulia, plei isibadilike. Ikibadilika, waya umepitishwa vibaya au umebanwa mahali. Mkono ukiwa mzito, ning'iniza waya wima na udondoshee oili nyepesi ndani ya ganda lake hadi itokee chini.

## Kesi ya oili

Ukienda dukani ukaomba "twenti fifti", utapewa oili yenye uzito wa 20W-50, na huenda ndiyo iliyoandikwa kwenye kitabu chako. Lakini namba hiyo inazungumzia uzito wa oili tu. Haisemi lolote kuhusu klachi.

Oili nyingi za magari ya kisasa huongezewa vilainishi vya kupunguza msuguano ili gari litumie petroli kidogo. Klachi ya gari ni kavu, iko nje ya oili ya injini, kwa hiyo hailioni hilo. Klachi ya pikipiki imezama humo, na inaishi kwa msuguano. Wajapani waliliona tatizo hili, na mwaka 1998 wakaweka kanuni ya oili za pikipiki chini ya jina la JASO. Kwenye chupa tafuta maandishi JASO MA, MA1 au MA2. Hizo zimepimwa kwa klachi inayozama kwenye oili. JASO MB ni kwa skuta na pikipiki zisizo na klachi ya namna hii, usiiweke.

Kama klachi imeanza kuteleza mara tu baada ya kubadilisha oili, usikimbilie pleti. Mwaga oili hiyo, weka ya MA, tembea kidogo, mwaga tena na uweke nyingine. Zipo klachi zinazopona kwa hatua hiyo peke yake. Isipopona, utando wa pleti umeshanyonya vilainishi au umeshaungua, na itabidi ufungue.

Kiasi nacho kina maana. Injini nyingi za cc 100 hadi 150 huchukua takriban lita 1. Ikipungua, pleti hukosa ubaridi. Ikizeeka na kuwa nzito kwa uchafu, pleti hunata. Oili iliyotumika na kuchujwa kwa kitambaa isiingie kwenye injini yako kwa bei yoyote ile.

## Mkono wa dereva

Hapa sitazunguka. Klachi nyingi za bodaboda huuawa na vidole viwili vinavyokaa juu ya mkono wa klachi safari nzima. Dereva hahisi kama anavuta, lakini plei imeshakwisha na springi zimeshalegezwa. Vidole vikae kwenye mpini.

Anayepakia mishikaki, abiria wawili au watatu, kisha akaondoka na gia ya pili kwenye kilima cha Lushoto, anaziunguza pleti kila anapoondoka. Anayeizuia pikipiki mlimani kwa kucheza na klachi na mafuta badala ya breki anafanya vivyo hivyo. Na yule aliyeweka spoketi ya mbele yenye meno mengi zaidi ili apate mwendo barabara ya lami ameifanya gia ya kwanza kuwa nzito. Klachi yake itateleza muda mrefu zaidi kila anapoanza safari. Kwa kazi ya milima na mizigo, rudisha spoketi iliyokuja na pikipiki.

## Ukilazimika kufungua

Plei iko sawa, oili ni sahihi, na bado haishiki. Sasa fungua. Mwaga oili, toa kiki na waya, legeza boliti za mfuniko wa kulia. Zipange kwenye katoni kwa mpangilio wa matundu yake, kwa sababu urefu wake haulingani.

Katika injini za aina ya CG, ukishatoa springi bado kuna nati ya katikati yenye mianya, inayotaka soketi yake maalumu yenye meno. Mafundi wengi huigonga kwa tindo na nyundo. Matokeo yake ni nati iliyochanika, chembe za chuma ndani ya injini, na shafti ya giaboksi iliyopigwa bila hatia. Soketi hiyo si ghali. Fundi asiyekuwa nayo aazime kwa mwenzake.

Pleti zikishatoka, ziangalie hivi:

1. Za msuguano: nyingi huwa na unene wa karibu milimita 3 zikiwa mpya. Zikifika milimita 2.6 au chini yake, zimekwisha. Zilizo nyeusi, zinazong'aa na kunuka, zimekwisha hata kama bado ni nene.
2. Za chuma: zilizogeuka rangi ya bluu zimepata joto kali. Laza kila moja juu ya kioo na ujaribu kupitisha chini yake fila geji, yaani visahani vyembamba vyenye unene uliopimwa. Cha milimita 0.2 kikipita, pleti imepinda. Pleti iliyopinda huifanya klachi isiachie, au pikipiki itetemeke wakati wa kuondoka.
3. Springi: zisimamishe zote pamoja juu ya kioo na ulinganishe na mpya. Iliyofupika hata moja, badilisha zote.
4. Ngoma ya nje: pitisha ukucha kwenye kingo za mianya. Masikio ya pleti huchimba vishimo humo, pleti zikanasa na kushindwa kuachana. Vishimo vyepesi husawazishwa kwa tupa. Vya kina vinataka ngoma mpya. Wengi walioweka pleti mpya bila nafuu walikuwa na ugonjwa huu, na hakuna aliyewatazamia ngoma.

Zipo njia za mkato mbili ambazo napenda zife. Moja ni kusugua pleti zilizoungua kwa msasa ili "zikamate". Zitakamata siku chache, na unga wake utaingia kwenye oili. Nyingine ni kuweka washa chini ya springi zilizochoka ili zibane zaidi. Mkono unakuwa mzito, waya unakatika mapema, na springi zenyewe zinaweza kugusana kabla pleti hazijaachana. Springi mpya ni miongoni mwa vitu vya bei nafuu kabisa kwenye pikipiki.

Kuhusu pleti feki: linganisha na za zamani kabla ya kulipa. Idadi, unene, masikio, na jinsi utando ulivyoshikana na bati. Ukibanduka kwa ukucha, rudisha.

Kabla ya kufunga, kuna kazi ambayo hulipiwi lakini ifanye. Kwenye injini za CG, kando ya klachi, mwishoni mwa krenki, kipo kikombe cha kuchujia oili kinachofanya kazi kwa kuzunguka. Unga wote wa pleti zilizoungua uko humo. Fungua kifuniko chake, ukisafishe kwa petroli na kitambaa kisichoacha nyuzi. Usipokisafisha, oili yako mpya inaanza safari ikipita kwenye uchafu wa zamani.

Pleti mpya za msuguano hulowekwa kwenye oili safi ya injini kabla ya kupangwa. Saa chache zinatosha. Zikilala usiku mzima, vizuri zaidi. Zikiingia kavu huungua siku ya kwanza. Anza na ya msuguano, kisha ya chuma, hadi umalize na ya msuguano, isipokuwa kitabu kiseme vingine. Boliti za springi zikazwe kwa kukingamana, kidogo kidogo kwa mizunguko, kwa sababu nguzo zake ni za aluminiamu na huvunjika kirahisi. Weka gasketi mpya, oili mpya, kisha rekebisha plei upya kabisa kama pikipiki ambayo hujawahi kuigusa. Baada ya siku chache ikague tena, maana pleti mpya hujilaza na waya mpya hurefuka.

## Ukimpelekea fundi

Kazi hii wengi wenu hamtaifanya wenyewe, na si lazima. Ila simama hapo ikifanyika. Mwambie fundi dalili na wala usimtajie kifaa: "Nikiwa mlimani sauti inapanda mwendo haupandi," badala ya "Nibadilishie klachi pleti." Muulize plei ilikuwa kiasi gani kabla hajaigusa. Muombe akuonyeshe ngoma na springi, si pleti peke yake. Na vile vilivyotolewa, hata kama vimeungua, ni mali yako, ondoka navyo.

Fundi akikuonyesha pleti zilizotoka na akakueleza kilichoziunguza, huyo mpe kazi yako tena. Anayekwambia tu kwamba zilikuwa feki, bila kushika waya wala kutazama oili, usimrudie.